Udugu wa kaunti na majimbo ya ng'ambo: nani kashauza hata kofia moja?

MwanaLangoni (Amu)

Wanajukwaa, asalaam aleikum na habari za mtana. Nisaidieni kuelewa jambo moja, maana limenikaa rohoni tangu mwaka juzi.

Mamangu hushona kofia. Si zile za mashine, za mkono. Kitambaa tabaka mbili, nakshi yachorwa kwanza kwa kalamu, kisha vitobo vidogo vidogo, na kila kitobo huzungushiwa uzi mpaka kikaze mdomo. Moja humchukua mwezi na nusu, na ikiingia Ramadhani huenda miwili, kwa sababu usiku anapika na mtana macho hayamsaidii.

Siku moja alikuja kijana wa ofisi fulani ya serikali, siitaji. Akasema kuna ugeni kutoka jimbo moja la ng'ambo, wanakuja kuunga udugu na pwani yetu, zatakikana kofia tatu nzuri. Mama akatoa alizokuwa nazo. Moja ilikuwa ya mjomba, amewekewa ya Idi. Akaambiwa malipo yatapita kwa mfumo.

Picha tuliziona wote. Meza ya kitambaa kijani, chupa za maji, kalamu mbili kwenye sahani. Wageni watatu wamevaa kofia, mmoja kaipachika utosini kama kifuniko cha buli. Hati ikatiwa saini: biashara, utalii, elimu, uvuvi, utamaduni.

Malipo ya zile kofia hayajapita kwa mfumo wala kando ya mfumo. Hilo basi, tushamwachia Mungu. Swali ni lile aliloniuliza mama tulipokuwa tunaangalia zile picha kwenye simu: "Yule mzungu alipoivaa, kuna aliyemuuliza kama azitaka mia?" Sikuwa na jibu.

Basi nauliza nyinyi. Amu (ndio Lamu), Malindi, popote pwani ya Kenya. Nani amewahi kuuza kitu nje kwa sababu ya hizi hati za udugu? Hata debe moja la kitu.

Kaa_Koko (Ngomeni)

Dada, mimi ni wa kaa. Kaa koko wa mikokoni, wale wenye makucha ya kuvunja kidole. Wa nje hutakiwa hai, si wa barafu. Twamfunga kwa kamba, twamweka guniani, gunia twalilowesha maji ya chumvi, na tangu hapo ni mbio. Akifika Malindi apoe kivulini, apande gari ya Mombasa, akae tena kwa dalali hadi wafike wa kutosha. Kaa akifa hana bei. Akikatika ukucha bei nusu. Wiki ya jua kali katika kumi naweza kupoteza watatu.

Wametujia mara mbili na wageni. Mara ya kwanza wakapiga picha wamemshika kaa. Mara ya pili wakaleta mtafsiri. Nikamwambia yule mtafsiri, waambie sitaki udugu, nataka banda lenye kivuli na tangi la maji ya bahari yanayozunguka, hapa hapa pwani kabla ya barabara. Akatafsiri. Wakatikisa kichwa vizuri sana. Hati haijawahi kumwekea kaa kivuli.

MchongoHakuna

Uzi huu nimeusubiri miaka. Jibu la dada ni fupi: hakuna. Kinachouzwa ni tikiti za ndege. Fungueni ripoti za Mdhibiti wa Bajeti, kaunti zote 47 zimo, utakuta safari za ndani kivyake na safari za nje kivyake, kwa shilingi. Sasa nitafutie safu ya kofia zilizouzwa.

Karani_Mstaafu (Malindi)

Mchongo, pole pole. Nimekaa ofisini miaka mingi, hati kama hizo nimezipiga chapa kwa mkono wangu, kwa hiyo niacheni niseme kinachowezekana na kisichowezekana.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limegawa kazi. Mambo ya nje na biashara ya kimataifa ni ya serikali ya kitaifa, ndilo jambo la kwanza kabisa katika orodha yake. Kaunti imepewa kukuza na kusimamia biashara: masoko, leseni, ushirika, utalii wa hapa. Kwa hiyo gavana akitia saini na gavana wa ng'ambo, hakutia saini mkataba wa mataifa. Hawezi kukupunguzia ushuru hata senti. Hawezi kukukopea pia. Kifungu cha 212 kinasema kaunti haikopi mpaka serikali ya kitaifa idhamini na bunge la kaunti likubali.

Kwa nini basi wanatia saini? Kwa sababu kufahamiana si kosa, na wakati mwingine kuna faida. Lakini ile hati ni kama barua ya posa. Mahari, ndoa na sahani za karamu bado.

Dada hajaomba apunguziwe ushuru, ameuliza kwa nini hakuna aliyeuliza bei. Hilo halina kifungu. Hilo ni uvivu.

Mswahili_Baltimore

Nawasoma kutoka huku nje. Mimi ni mtu wa Shela, nimekaa jimbo la Maryland miaka kumi na kitu, na kwa muda nilifanya kazi kwenye ghala linalopeleka mizigo nje, ndipo nikaanza kuyaona haya mambo kwa karibu. Ngoja niwaeleze wenzetu wanavyofanya, si kwa kuwasifu.

Kwanza, huku nako jimbo haliruhusiwi kufanya mkataba na nchi ya nje. Katiba yao, Kifungu cha Kwanza sehemu ya 10, imekataza wazi, na biashara na mataifa ya nje iko mikononi mwa bunge lao la taifa. Yaani gavana wa huku amefungwa mikono kama gavana wetu. Karani yuko sawa.

Lakini angalia anachofanya na mikono hiyo hiyo. Jimbo lina idara ya biashara, na ndani yake kuna watu ambao kazi yao ya kila siku ni mtu mdogo anayetaka kuuza nje. Namba ya simu ipo, jina la mtu lipo. Serikali kuu nayo, kupitia shirika lao la biashara ndogo, SBA, hutoa ruzuku kwa majimbo kwa mpango unaoitwa STEP, uliotokana na sheria ya 2010. Jimbo huchukua pesa zile likamsaidia mwenye kiwanda kidogo nauli ya kwenda kwenye maonyesho ya nje, kutafsiri tovuti, kupima bidhaa ifikie viwango vya soko fulani. Gavana anaposafiri na msafara wa biashara, nyuma yake kuna watu wa maboksi, na kila mmoja ameshapangiwa huko aendako ataonana na nani saa ngapi.

Udugu wa majimbo ni kitu kingine, umekaa kando. Hapa Maryland uko chini ya ofisi ya Katibu wa Jimbo. Walianza na Anhui ya China mwaka 1980, Kanagawa ya Japani 1981, wakaendelea.

Kisa wanachokitaja sana ni cha Iowa. Mwaka 1959 vimbunga viliipiga Yamanashi, Japani, mifugo ikafa kwa wingi. Mwanajeshi mmoja mtu wa Iowa, aliyekuwa amekaa huko, akatoa fikra kwamba kwao wasaidie. Januari 1960 ndege ikaruka na nguruwe zaidi ya thelathini.

BintiPate

Staghafirullah 😂😂 Ndege nzima?

Mswahili_Baltimore

Ndege nzima, bibie. Nisameheni wazee wangu, ndiyo mali ya Iowa, kama kwetu ng'ombe wa Witu. Mahindi yakafuata kwa meli. Mwaka huohuo wakaandikiana udugu, na 1962 Yamanashi wakaleta kengele kubwa ya shukrani. Iko mpaka leo kwenye uwanja wa bunge la jimbo, Des Moines.

Angalieni mpangilio wake: shida, mtu aliyewahi kukaa kwa mwenzake, mzigo, ndipo karatasi. Sisi twaanza na karatasi.

Kisa cha pili ni cha Iowa hao hao. 1983 wakaunga udugu na Hebei, China. 1985 ukaja msafara mdogo kutoka Hebei kuangalia kilimo, kiongozi wake ofisa wa wilaya asiyejulikana na mtu. Wakamlaza kwenye nyumba ya familia moja katika mji mdogo wa Muscatine, chumba cha vijana wa nyumba ile waliokuwa wameenda chuo. Yule ofisa ni Xi Jinping. Mwaka 2012, akiwa makamu wa rais, alirudi Muscatine kuwaamkia wenyeji wake.

MchongoHakuna

Na soya zikauzwa?

Mswahili_Baltimore

Zikauzwa sana. Lakini nikiacha hapo nitakuwa nimewadanganya. Mwaka 2018 Washington na Beijing walipogombana, China ilipiga soya ya Marekani ushuru wa asilimia 25. Mkulima wa Iowa akaumia kama mkulima mwingine yeyote. Kile kitanda cha Muscatine hakikumsaidia. Udugu wa majimbo hukufikisha mlangoni kwa mtu, ila wakubwa wakifunga mlango, umefungwa.

Nahodha_Mzee (Matondoni)

Wanangu, nawaandikia kwa mkono wa mjukuu, mimi nasema yeye anabonyeza.

Hayo ya kulaza mgeni nyumbani mwayasikia kama mapya? Mui huu umesimama kwa hayo. Mimi nilikuwa kijana, majahazi ya Arabuni yakiya na kaskazi. Yakileta tende, chumvi, mazulia. Nahodha hakushukia hoteli. Kila nahodha alikuwa na mwenyeji wake Amu, babake alikuwa mwenyeji wa babake yule. Akila kwake, akilala kwake, mali yake ikiuzwa kwa mkono wa mwenyeji. Akiugua, mwenyeji ndiye amuuguzaye. Akifa, mwenyeji ndiye amzikaye na kupeleka khabari kwao.

Halafu kusi ikianza, warudi na boriti. Boriti za mikoko zikihesabiwa kwa korija, ishirini ishirini. Na zina majina kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Mtu wa Ghuba akisema nataka mazio korija hamsini, hapana kupimiana. Majumba ya kule vyumba vyake vilikuwa vyembamba kwa urefu wa boriti zetu, kama majumba ya Amu. Nyumba mbili za nti mbili, kipimo kimoya.

Mwaka wa 1982 serikali ikakataza boriti kutoka nje. Na kusema haki, saruji na chuma vilikuwa vimeshaanza kutuua kabla. Jahazi zikapungua, wenyeji wakafa, watoto hawayui tena mwenyeji wa babu alikuwa nani.

Yeo mwaniambia udugu. Nawauliza: huyo mgeni wa jimbo, mwenyeji wake ni nani? Ina lake, yaani jina.

MwanaLangoni (Amu)

Nahodha, shikamoo. Umenigusa pahala. Mimi nilikuwa natafuta ofisi, wewe watafuta mtu.

Mwalimu_Mambrui

Nahodha akitaja zamani nami siwezi kunyamaza, na kwangu Mambrui.

Kila hati ya udugu na Wachina lazima hotuba yake iwe na twiga. Basi tuipate sawa. Mwaka 1414 twiga alifika kwa mfalme Yongle akipitia Bengal, akachorwa picha inayojulikana mpaka leo. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi wenyewe wakapeleka mwingine. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Peking na wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya walichimba hapa kwetu wakapata sarafu ya enzi ya Yongle. Na miaka mitatu baadaye ikapatikana nyingine Manda. Binti mmoja wa kisiwa cha Pate alipelekwa China 2005 kusoma, kwa sababu ya zile hadithi za mabaharia waliozama wakaoa Shanga na Siyu.

Yote mazuri. Lakini twiga alikuwa zawadi. Alitembezwa, akastaajabiwa, akachorwa. Hakuna aliyeagiza twiga mia. Dada, kofia za mamako zimekwenda ndia ya twiga.

Na 1498 Vasco da Gama alifika Malindi, akapokewa vizuri, akapewa rubani wa kumvusha hadi Calicut. Hati yao waliichonga kwa jiwe, nguzo ipo pale ufukweni, watalii hulipa kuiona. Tuliyoyapata kutokana na udugu ule kila mtu anajua.

Kaa_Koko (Ngomeni)

Mwalimu umesahau Mtaliano, na sisi Ngomeni ndio majirani zake. Ile mitambo ya San Marco baharini, babangu alikuwa akiionyesha kwa kidole. Setilaiti ya kwanza pale ilirushwa Aprili 1967. Desemba 12 mwaka 1970 wakarusha setilaiti ya Wamarekani, ikaitwa Uhuru kwa sababu ilikuwa sikukuu yetu. Jina la Kiswahili lilipaa angani na hapa Ngomeni twahangaika na barabara.

Nachotaka kusema ni hiki. Ule ulikuwa mkataba wa serikali mbili, mambo ya roketi, hakuna aliyetaja utalii. Lakini mafundi walikaa. Wakaleta wake zao, wake wakaleta dada zao, dada wakajenga. Leo muuza samaki wa Malindi asiyejua "quanto costa", yaani bei gani, anacheka na nani? Hakuna gavana aliyepanga.

Karani_Mstaafu (Malindi)

Na wakiacha kuja msimu mmoja, mji mzima wanyamaza. Tumeliona hilo zaidi ya mara moja. Kuegemea mwenyeji mmoja nako kuna bei yake, Kaa.

Dodo_la_Marafa

Mnapiga hadithi za twiga na roketi, mimi nina maembe.

Huku Marafa na Magarini msimu ukija embe laanguka chini mbuzi asusa. Dalali aja na lori, ahesabu kwa tunda, bei ataka yeye. Nje kuna bei, sote twajua. Tangu Julai 1, 2024 ule mkataba wa Kenya na Umoja wa Ulaya umeanza kazi, bidhaa zetu zaingia kule bila ushuru. Sasa niambieni, ushuru ndio uliokuwa unanizuia? Mwaka 2014 Kenya yenyewe ilisimamisha kupeleka maembe Ulaya kwa sababu ya nzi wa matunda. Nzi, mdudu mdogo kama punje ya mtama, ataga yai ndani ya embe, embe kwa nje lang'aa kama dhahabu, ukilipasua funza wanacheza. Wakikuta moja kwenye kontena, hasara ni ya nchi nzima.

Dawa yake si siri. Mitego yenye chambo mitini, embe bovu lisiachwe chini hata siku moja, lizikwe au litiwe kwenye mfuko mweusi juani. Na jirani yako afanye vilevile, la sivyo kazi yako bure, maana nzi hajui mpaka wa shamba. Kisha KEPHIS, wale wa serikali wa afya ya mimea, waje, wakague, watoe cheti cha afya ya mimea.

Mimi nina miti sitini. Mitego nimeweka. Jirani yangu wa kusini yuko Nairobi, shamba lake pori, embe zaoza chini miezi mitatu. Nikaenda kuomba ofisi inisaidie kumpata tukubaliane. Nikaambiwa afisa yuko safari, ameenda kwenye kongamano la kutafuta soko la maembe.

MchongoHakuna

😂😂😂 Dodo umeua. Uzi ufungwe.

Dodo_la_Marafa

Usicheke sana, ni kweli.

Mpiga_Makasia (Mokowe)

Na bandari je? Mbona hamuitaji? LAPSSET, ule mradi wa bandari ya Lamu na njia za kwenda Sudan Kusini na Ethiopia, walikuja viongozi watatu hapa Machi 2, 2012, Kibaki, Salva Kiir na Meles Zenawi, wakaweka jiwe. Gati ya kwanza ikafunguliwa Mei 20, 2021. Gati tatu zimekwisha, mpango ni wa nyingi zaidi. Meli kubwa twaziona. Lakini mimi wa mashua sina cha kupakia pale, na wewe wa kofia huna, na wa kaa hana. Ule mlango ni wa kontena.

Wavuvi walioharibiwa maji yao walikwenda mahakamani, hukumu ya 2018 ikasema walipwe bilioni 1.76. Watu kama 4,600. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba karatasi inayoleta kitu ni ile uliyokwenda nayo kwa jaji, siyo ile uliyoletewa na meza ya kijani.

Karani_Mstaafu (Malindi)

Basi hapo umenikumbusha. Dada MwanaLangoni, hiyo hati umeisoma? Si picha yake. Maneno yake.

Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali. Sheria ya 2016 inasema ofisi ikujibu ndani ya siku 21. Andika barua, usiende kwa mdomo. Nakala mbili, yako ipigwe muhuri wa kupokelewa, tarehe isomeke. Uliza mambo matatu: maneno kamili ya hati, jina la afisa anayeishughulikia upande huu, na jina la mwenzake upande ule. Usiulize zaidi. Ukiuliza kumi watakujibu lile rahisi waache tisa.

Na usitaje zile kofia tatu. Ukizitaja itakuwa kesi ya kofia.

MwanaLangoni (Amu)

Shukrani mzee wangu. Kesho asubuhi naenda.

*(Baada ya wiki tatu)*

MwanaLangoni (Amu)

Nimerudi. Barua niliipeleka, muhuri nikapigiwa baada ya kukaa benchini tangu saa tatu hadi adhana ya adhuhuri. Siku ya 17 nikapigiwa simu nikachukue.

Hati ni kurasa mbili. Kiingereza kitupu, neno la Kiswahili lililomo ni jina la mahali. Uvuvi umetajwa mara mbili, kazi za mikono mara moja. Kuna kifungu kwamba hati hii haiulazimishi upande wowote kufanya lolote. Muda wake miaka mitatu, miwili imeshakwenda. Pale panapotakiwa jina la afisa wetu pameandikwa "mwakilishi atakayeteuliwa". Nikamuuliza dada wa mapokezi, ameteuliwa? Akanitazama kwa huruma kweli.

Lakini upande wa pili jina lipo. Cheo kipo, barua pepe ipo.

Mswahili_Baltimore

Mwandikie. Wewe mwenyewe, leo. Usingoje mwakilishi atakayeteuliwa. Hao huku wanalipwa kujibu barua. Weka picha ya kofia mezani, si kichwani mwa mtu. Andika inachukua siku ngapi, bei yake, na kwa mwezi mwaweza kutoa ngapi. Usiandike nyingi kuliko mnazoweza. Watu hupotezea hapo, anasema mia tano ili aonekane mkubwa, akiagizwa mia tano anazima simu.

Ila niseme ukweli, soko la kofia jimboni kwao ni dogo. Makumbusho labda, duka la sanaa labda.

MwanaLangoni (Amu)

Nimemwandikia. Amejibu siku ya pili! Mwanamke, mpole. Anasema ile picha anaikumbuka, kofia moja iko kabatini ofisini kwao hadi leo, ndani ya kioo, na watu wanauliza imetoka wapi. Anatafuta duka moja la makumbusho. Ameuliza maswali ambayo hakuna mtu alituuliza: uzi ni pamba tupu? inafuliwa vipi? aliyeshona jina lake laweza kuandikwa?

Mama alipotafsiriwa hilo la mwisho alinyamaza kidogo. Kisha akasema iandikwe, lakini jina la babake pia.

Nahodha_Mzee (Matondoni)

Vyema. Sasa nisikize mimi, mwanangu. Wazungu waweke kabatini. Watu wavaao kofia wajua wako wapi. Oman mwanamume hatoki bila kofia, wao huiita kumma, nayo ni hiihii ya vitobo, damu moya na yetu. Nina mpwa wangu Muscat, ana duka la nguo soko la Matrah. Yana nimempigia. Nikamwambia kuna mke Langoni mkono wake ni wa zamani. Ataka kumi za kuanzia, nyeupe juu ya nyeupe, bila rangi. Pesa ataleta kwa mtu ayao mwezi huu.

MchongoHakuna

Kwa hiyo hati imefanya kazi au haikufanya? Mnanichanganya.

Karani_Mstaafu (Malindi)

Mchongo, jina na barua pepe dada amevitoa wapi, kwenye kalenda?

Kaa_Koko (Ngomeni)

Nahodha, huna mpwa anayekula kaa?

MwanaLangoni (Amu)

😂 Nahodha, Mungu akuweke. Nimemwambia mama. Anasema kumi peke yake hawezi kabla ya Mfungo Tatu, ila atawagawia mamake Swaleh na Bi Mkubwa wa nyumba ya pili, mikono yao anaijua. Anasema nusu ya pesa kwanza, na zisipite kwa mfumo wowote.

Na anauliza: vichwa vya watu wa Muscat ni inchi ngapi? Asije akashona za 22 zote, zikawakaa utosini kama yule wa kwenye picha.